Matundu ya Kuziba na Matundu ya Kuacha

Mtu akimwona nyigu anapenya nyuma ya ubao wa ukuta wa nje, mkono wake hukimbilia silikoni. Anaziba tundu lile. Kesho yake anaona jingine, analiziba nalo. Akishanogewa na kazi anauzunguka ukuta mzima, anafunga kila ufa, kila kiungo, kila mwanya ulio chini ya ubao, hata vile vitundu vidogo vilivyoachwa kwa makusudi na fundi aliyejenga. Anashuka kwenye ngazi akiwa ameridhika. Ukuta wa namna hiyo hunisikitisha sana nikiuona, maana maji yaliyokuwa yakitoka kimyakimya kila mvua inaponyesha sasa yamefungiwa ndani, na maji hayo yatawaita wadudu wabaya kuliko yule nyigu.

Ushauri unaosambaa kuhusu wadudu na kuta za nje kwa kawaida ni mmoja: ziba nyufa zote. Ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoozesha nyumba. Ukuta wa nje una matundu ya kuziba kabisa, una matundu ya kuwekea wavu, na una mengine ambayo hayafai kuguswa hata kidogo. Nimeishi na ukuta wa mbao kwa muda mrefu, nimewasaidia majirani na ndugu kukagua kuta zao, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi yote iko katika kuyatambua matundu hayo kabla ya kushika chombo chochote.

Ninazungumzia nyumba ambazo ukuta wake umefunikwa kwa nje: mbao zilizolaliana, mabamba ya plastiki, mabamba ya simenti yenye nyuzi, mabati, au safu moja ya tofali iliyosimama mbele ya ukuta wenyewe. Wengi hudhani kifuniko hicho ndicho kinachozuia mvua. Kinazuia nyingi, si yote. Upepo husukuma maji ndani ya viungo; mwanya mwembamba huyavuta maji yenyewe, hata yakapanda juu; msumari hulegea, ubao hupasuka. Wajenzi wanalijua hilo, ndiyo maana huweka utando wa kuzuia maji nyuma ya kifuniko, na katika ujenzi mzuri huacha uwazi kati ya kifuniko na utando ili maji yaliyopenya yateremke, yatoke chini, na hewa ipite ikaushe kilichobaki.

Kilichotokea katika jimbo la British Columbia nchini Kanada ni ushahidi wa kutosha. Nyumba nyingi za ghorofa zilizojengwa huko miaka ya 1980 na 1990 zilianza kuoza zikiwa bado mpya. Maji yaliingia nyuma ya plasta ya nje, yakakosa pa kutokea, yakakosa na hewa ya kuyakausha. Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliunda tume ya uchunguzi, na kanuni za ujenzi zikaja kudai uwazi wa milimita 10 nyuma ya kifuniko kwenye maeneo yenye mvua nyingi. Milimita kumi tu ndizo zilizokuwa zikitenganisha ukuta mzima na ukuta uliooza.

Sasa utazame uwazi huo kwa jicho la mdudu. Kuna giza, mvua haifiki sana, ndege haingii, joto halibadiliki ghafla, na mlango uko wazi chini. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili: mwanya ambao ukuta unauhitaji ili udumu ndio huohuo ambao mdudu anautafuta. Fundi na nyigu wanataka kitu kimoja.

Kwa mwanya wa aina hiyo jibu ni wavu. Wavu wenye macho ya milimita 3 humzuia nyigu na nyuki wa asali. Kwa wadudu wadogo zaidi unahitaji macho madogo zaidi. Lakini usikimbilie wavu mwembamba kupita kiasi, kwa sababu macho yakiwa madogo mno hujaa vumbi, utando wa buibui na rangi ya mpakaji asiye makini, halafu wavu unageuka kuwa kizibo. Ninapendelea wavu wa chuma kisichoshika kutu. Sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, ambayo watu wengi huisokomeza kwenye mianya, huoza kwa kutu na kuchora michirizi ya kahawia ukutani. Sufi ya shaba haina tatizo hilo la kutu. Alumini nayo haipatani na simenti mbichi, hulika. Kama nyumba bado inajengwa, wavu hukunjwa kwenye ncha ya chini ya uwazi kabla mbao hazijapigiliwa, na kazi imekwisha kwa miaka mingi. Kama nyumba ipo tayari, mara nyingi inabidi kuung'oa ubao wa chini kabisa, kuupachika wavu, na kuurudisha ubao. Ni kazi ya kutoa jasho, lakini ni ya mara moja.

Ukuta wenye safu ya tofali una vitundu vya kutolea maji karibu na msingi na juu ya madirisha. Mtu asiyevijua huvidhania ni mahali fundi alisahau kuweka udongo. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka vitundu hivyo visiwe na upana wa chini ya milimita 4.8, na visiachane kwa zaidi ya milimita 838. Dondora, yule nyigu anayejenga kwa udongo, huvipenda mno: hukiziba kitundu kwa tope lake, akaacha ndani mayai na buibui aliowapooza kwa ajili ya watoto wake. Kwa hiyo vinahitaji kuzibuliwa kwa waya mara kwa mara na kuwekewa vipande vya wavu vinavyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuvifunika kwa simenti ni kuifunga njia pekee ya maji.

Mabamba ya plastiki yana kisa chake. Plastiki hiyo hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi. Bamba la mita tatu na nusu hivi laweza kubadilika urefu kwa zaidi ya sentimita moja kati ya msimu wa joto kali na wa baridi kali. Ndiyo maana mabamba hayo hayapigiliwi yakabana, huning'inizwa kwenye misumari yakiwa na nafasi ya kuteleza. Ukijaza silikoni kwenye ncha zake, bamba litataka kusogea, litashindwa, litajikunja au litaichana ile silikoni, na ufa utakaotokea utakuwa mbaya kuliko nafasi ya awali. Ukingo wa chini wa kila bamba una vitundu vya maji, viache. Mahali panaposahaulika ni nguzo za pembeni. Zile nguzo za plastiki kwenye kona za nyumba ni tupu ndani, na chini mara nyingi zimeachwa wazi. Chungu hupanda humo hadi kwenye paa bila kuonekana na mtu. Kipande cha wavu kilichokunjwa vizuri kwenye mdomo wa nguzo kinatosha.

Na kama ukuta umeshazibwa wote? Ufungue. Chukua kisu kikali, ukate silikoni iliyo chini ya mabamba na kwenye vitundu vya maji, uiache ile iliyo kwenye mabomba na kwenye fremu za madirisha. Usishangae maji yakitoka, au harufu ya uvundo. Uache ukuta ukauke sawasawa kabla ya kupaka rangi yoyote, maana rangi juu ya mbao yenye maji huumuka na kubanduka, na ukuta unarudi kule kule.

Nimesema yapo matundu ya kuziba kabisa, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya, kwa sababu ni mengi. Kila mahali bomba, waya, mfereji wa kiyoyozi, taa au bomba la bustani linapopita kutoka nje kwenda ndani, pana tundu lililotobolewa likawa kubwa kuliko kilichopita humo. Yote hayo yanazibwa. Mianya kati ya fremu ya dirisha na ukuta wa ndani inazibwa. Mdudu aliye nyuma ya kifuniko cha nje hajaingia nyumbani bado. Yuko kwenye kibaraza. Ukuta wa kumsimamisha ni ule wa ndani, ambao utando wake na viungo vyake ndivyo vinavyostahili silikoni na utepe wa kunata. Hili likieleweka, hofu ya kuona mdudu akiingia nyuma ya ubao hupungua, na nguvu zinaelekezwa mahali panapofaa.

Usidharau mwanya mdogo katika safu hiyo ya ndani. Mwaka 2016 watafiti Kaushik Jayaram na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha majaribio yao kuhusu mende wa Kimarekani, yule mkubwa mwekundu. Walionyesha kwamba anapita kwenye mwanya wenye kimo cha chini ya robo ya kimo chake, na hutumia chini ya sekunde moja. Anajibana gamba lake, miguu inalala pembeni, na huyo ameshapita. Mwanya wa milimita 3 unamtosha.

Kuziba nako kuna namna yake. Silikoni hudumu ikishika pande mbili za ufa na kuachwa huru nyuma, ili ufa ukitanuka nayo ivutike. Ikishika pande tatu hupasuka mapema. Kwa hiyo ufa mpana hushindiliwa kwanza kamba ya povu, kisha silikoni hupakwa juu yake, upana ukiwa kama mara mbili ya kina. Silikoni ya kawaida haikubali rangi. Ukitaka kupaka rangi tafuta kizibio cha akriliki au cha poliyurethani. Povu la kupuliza, lile linaloumuka, mimi siliamini likiwa peke yake nje: jua hulila, na chungu hulichimba wakafanya makao. Na tundu la waya lisizibwe kabla ya kuhakikisha waya wenyewe unapinda kushuka chini kidogo kabla ya kuingia ukutani, ili matone yadondoke pale kwenye pindo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Shuka sasa hadi chini, ukuta unapokutana na ardhi. Kama ningeruhusiwa kukagua sehemu moja tu ya nyumba ya mtu, ningekagua hapa.

Mchwa wa ardhini hawezi kukaa mbali na unyevu. Mwili wake ni laini, hewa kavu humuua, na chungu humwinda. Ndiyo maana anapotoka ardhini kufuata mbao hujenga mrija wa udongo, mwembamba kama penseli, na kusafiri ndani yake. Mrija huo ndio bahati yetu, kwa sababu unaonekana. Lakini unaonekana pale tu ambapo pana kitu tupu cha kuupitia: ukanda wa msingi ulio wazi kati ya udongo na ubao wa kwanza. Kanuni zilezile za Marekani nilizozitaja huitaka mbao ya ukuta iwe angalau milimita 150 juu ya udongo, na milimita 50 juu ya sakafu ya zege iliyo nje, la sivyo iwe mbao iliyotiwa dawa au ya aina isiyooza upesi. Watu hufikiri kipimo hicho ni cha kukwepa matone ya mvua tu. Ni cha macho pia. Ukilundika udongo, kokoto, maua au matandazo ya bustani hadi yaguse ubao, umempa mchwa njia iliyofunikwa, na yeye hatahitaji tena kujenga mrija utakaomfichua.

Nimeona hali hii hasa kwa watu wanaopenda bustani. Kila mwaka wanaongeza matandazo kidogo, udongo unapanda polepole, hadi siku moja ukanda wa msingi haupo tena. Hakuna aliyeamua kuufunika. Sepetu na nusu siku ya kazi vinarudisha kila kitu mahali pake, na hiyo ndiyo kinga ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haina sumu, haihitaji fundi, na matokeo yake yanaonekana jioni ileile.

Mabamba ya povu ya kuzuia joto na baridi yanadai tahadhari ya pekee. Mchwa hali povu, lakini hulichimba kwa urahisi, na njia yake ndani ya povu haionekani kutoka upande wowote. Povu lililozikwa ardhini na kupanda hadi nyuma ya kifuniko cha nje ni barabara ya siri inayomfikisha kwenye viunzi vya nyumba. Kwenye maeneo yenye mchwa wengi, povu lisifike ardhini.

Wapo wanaojenga kizuizi kisicho na dawa, na historia yake inanifurahisha. Mwaka 1957 Walter Ebeling na Roy Pence, watafiti wa California, walionyesha kwamba ukubwa wa chembe za mchanga unaweza peke yake kumsimamisha mchwa. Chembe zikiwa ndogo, anazibeba kwa taya. Zikiwa kubwa, anapita katikati yake. Lakini zikiwa za kadiri, karibu milimita 2, ni kubwa mno kuzibeba, na nafasi zilizobaki kati yake ni ndogo mno kupita. Baadaye Australia na Hawaii ziliigeuza hoja hiyo kuwa kazi ya kawaida ya ujenzi, kwa kokoto zilizochekechwa zinazoshindiliwa kuzunguka msingi. Wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, wenye macho yasiyofikia milimita moja, hufanya kazi hiyohiyo mahali mabomba yanapotokeza kwenye zege. Mchwa hushinda kwa uvumilivu, na mchanga wa kipimo sahihi hauchoki.

Ukishaachana na ardhi, tafuta maji yanakotoka. Mfereji wa paa ulioziba ukamwaga ukutani. Bomba la kuteremshia maji linalomwagia palepale msingini. Kiyoyozi kinachodondosha matone kutwa kucha juu ya ubao mmoja. Kinyunyizio cha bustani kinachopiga ukuta kila asubuhi. Chungu seremala, wale wakubwa weusi wa jamii ya Camponotus, hawali mbao. Huichimba wakaishi humo, na kwa kawaida huanzia kwenye mbao iliyolowa au iliyokwisha kulainika. Ukiona vumbi la mbao limerundikana chini ya mwanya, pamoja na vipande vya wadudu waliokufa, ni wao wanaotoa taka. Ukiwaua bila kulitafuta tone linalolowesha ule ubao, watakuja wengine. Matawi yanayogusa ukuta au paa ni madaraja yao. Yakate yaache nafasi ya kupita mtu.

Nyuki seremala ni habari nyingine, naye ninamtetea. Ni yule mnene mweusi anayevuma mbele ya upenu na kutoboa tundu la duara lililonyooka kana kwamba limepigwa kwa keekee, kipenyo chake zaidi kidogo ya sentimita moja. Huingia moja kwa moja, kisha hupinda na kufuata uzi wa mbao. Hali mbao, anatengeneza vyumba vya kulelea watoto. Dume, ambaye ndiye mara nyingi huwavamia watu kwa vishindo, hana mwiba kabisa. Anapenda mbao laini zisizopakwa rangi, na ubao uliopakwa rangi vizuri pande zote, pamoja na ncha zake, kwa kawaida haumvutii. Kwa hiyo paka rangi. Matundu ya zamani yaliyokwisha kuachwa zibwa kwa kijiti cha mbao na gundi, kisha rangi juu yake. Kumpulizia sumu mdudu anayechavusha maua kwa sababu ubao wetu uko uchi, mimi naona si haki.

Nyuki wa asali wakiingia ukutani, tulia kwanza. Utafiti wa Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell ulionyesha kwamba kundi linalotafuta makao hupendelea nafasi ya takriban lita 40. Uwazi mwembamba wa nyuma ya ubao hauwatoshi. Wanachotafuta ni utupu ulio kati ya viunzi vya ukuta ambao haukujazwa kitu. Tundu la nje ni mlango tu. Watu wengi hupuliza dawa mlangoni, wanawaua maelfu ya nyuki, wanaziba, wanajipongeza. Kinachofuata ni kibaya. Masega yamebaki na kilo nyingi za asali, na hakuna tena nyuki wa kuyapepea yasipate joto. Nta inalegea, asali inachuruzika ndani ya ukuta, inachacha, doa linatokea upande wa sebuleni. Wanakuja sisimizi, mende, nondo wa nta. Na harufu ikibaki, msimu ujao kundi jingine linaifuata.

Njia iliyo sahihi ni ndefu. Mwite mfugaji nyuki anayejua kuhamisha makundi. Kifuniko kinafunguliwa, nyuki wanahamishwa wakiwa hai pamoja na masega yao, ukuta unakwanguliwa na kuoshwa, utupu unajazwa sufi ya kuzuia joto ili lita zile 40 zisiwepo tena, ndipo ubao unarudishwa na tundu linazibwa. Kujaza utupu ndiko kunakomaliza jambo.

Kwa nyigu wanaoishi kwenye kundi kubwa ndani ya ukuta, kanuni ni moja na ni ya usalama wa watu: usizibe mlango wakiwa hai. Wakikuta njia imefungwa hutafuta nyingine, na taya zao hutafuna ubao laini wa jasi wakatokea chumbani. Kundi litolewe na mtu mwenye vifaa na mavazi yake, na kuziba kufuate baadaye. Kwenye nchi za baridi kundi hufa lenyewe majira ya baridi yakifika, na mwenye subira anaweza kungoja. Huko huko kuna kunguni-mgunda wa kahawia, Halyomorpha halys, mdudu wa mashariki mwa Asia aliyefika Pennsylvania katika miaka ya 1990 na tangu hapo akawa kero kila majira ya kupukutika kwa majani: hujibanza kwa wingi nyuma ya mabamba ya nje ili kungoja joto. Hali mbao, hazaliani humo. Mzuie kwenye safu ya ndani, fagia anayeingia, basi.

Taa za nje watu huzisahau wanapozungumzia ukuta, ilhali ndizo zinazowaleta wadudu ukutani. Mwanga mweupe wenye rangi ya buluu ndani yake huvuta wadudu wengi kuliko mwanga wa manjano. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Communications ulieleza kwa nini wanazunguka taa: mdudu anayeruka hugeuza mgongo wake uelekee kwenye mwanga, kama anavyofanya kwa anga, na taa iliyo kando yake humvuruga asijue juu ni wapi. Maskini hapendi taa, amenaswa. Badilisha balbu iwe ya manjano, elekeza mwanga chini, na ukiweza ihamishe taa kutoka ukutani uiweke kwenye nguzo mbali kidogo. Buibui watapungua ukutani pia, maana chakula chao kimehama.

Sumu nimeiacha nyuma kwa makusudi. Kupulizia ukuta wa nje dawa ya wadudu kila mwezi ni kazi inayofutwa na jua na mvua. Permethrini, moja ya dawa hizo, na jamaa zake huua samaki na nyuki, na permethrini ni hatari sana kwa paka. Historia nayo inatuonya: klorodani ilimwagwa kuzunguka misingi ya nyumba dhidi ya mchwa kwa miongo kadhaa, hadi matumizi yake yakakomeshwa Marekani mwaka 1988, kisha ikawekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa unaodhibiti sumu zisizooza upesi, kwa sababu hukaa kwenye udongo na kwenye miili ya viumbe kwa muda mrefu mno. Chumvi za boroni ninazikubali kwa mbao mpya: hupenya ndani ya mbao na humzuia mchwa. Ila mvua huziosha, kwa hiyo mbao iliyotiwa boroni lazima ipakwe rangi au ikae mahali pakavu.

Kagua baada ya mvua kubwa, na kagua tena kumbikumbi wakisharuka. Chukua tochi, bisibisi, kitambaa cha kuwekea magoti. Zunguka polepole. Mbao za chini, chini ya madirisha, na mahali paa la baraza linapokutana na ukuta, zigonge kwa mpini. Ubao mzima hulia kwa sauti ngumu, ulioliwa hulia mtupu. Bonyeza ncha ya bisibisi pale unaposhuku. Ikizama, ubao huo ung'olewe, na uangalie nyuma yake kabla ya kuagiza mwingine. Mbawa zilizodondoka karibu na dirisha zichunguze: kumbikumbi wa mchwa ana mbawa nne za urefu sawa na kiuno kinene, chungu mwenye mbawa ana mbawa za mbele ndefu zaidi na kiuno kilichobanwa. Punje ndogo kavu zenye pande sita zinamaanisha mchwa wa mbao kavu, ambaye haji kutoka ardhini na hahitaji mrija. Huyo anaishi ndani ya mbao yenyewe, na matibabu yake ni tofauti.

Ukikuta mrija wa udongo msingini usiubomoe wote. Vunja kipande kifupi katikati, weka alama kwa chaki, urudi baada ya siku chache. Ukiwa umezibwa kwa udongo mbichi, mchwa wapo kazini, na hapo ndipo pa kumwita mtaalamu wa mchwa, ukimwachia mrija uliobaki aone unakotoka na unakokwenda.